Daftari la risasi nilizokosa

Nina kauntabuku moja nene naiweka chini ya droo la karatasi pale dukani, ukiifungua hukuti maneno, ni mishale tu midogo midogo ya kushoto na kulia na herufi F, P, J, C, kurasa na kurasa. Hizo ni risasi nilizokosa. Nilizopiga sijaandika hata moja, na hiyo ndo naona imenisaidia kuliko kitu chochote kwenye haya mazoezi ya shabaha ya gemu za kufyatua za kompyuta, zile za mausi, ndo maana nimekaa niieleze vizuri maana vijana wengi hapa Kigoma wananiuliza natumia nini wakidhani kuna kiprogramu fulani cha siri.

Mi niko steshenari hapa Mwanga, tunatoa kopi, tunachapa barua, msimu wa maombi ya mikopo ya chuo ukifika ndo hatupumui kabisa. Jioni nikifunga naenda kafe moja hapo jirani, wana kompyuta nane zimeunganishwa kwa nyaya mnacheza Counter-Strike 1.6, gemu ya kufyatua, ile ya 2003, haihitaji bando wala kompyuta ya maana, saa moja buku. Ukifungwa unamlipia mwenzako saa inayofuata. Nimelipia watu sana. Na kilichokuwa kinaniuma sio hela, ni kwamba ramani naijua, najua watu wanajificha wapi, namwona mtu kabla yeye hajaniona, alafu nafyatua risasi nne zote zinapita pembeni ya kichwa, anageuka ananimaliza kwa moja. Nikajiambia basi akili ya gemu ninayo, sina shabaha.

Programu kubwa za kufundishia shabaha zipo. Aimlabs unaipata bure Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, KovaaK's unalipia, wanaozitumia wanazisifia na sina sababu ya kubisha, lakini kompyuta yangu ya dukani ni ile mitumba ya maofisini haina kadi ya video, na kuinstoli kitu siwezi, paswedi anayo dada mwenye duka. Ndo nikaangukia kwenye zile za kwenye brauza. Unafungua ukurasa, unasubiri ujipakie, unaanza kufyatua. Kwangu bando lilikuwa linaliwa pale mwanzo tu inapojipakia, ukishaingia kwenye zoezi matumizi yanakuwa madogo sana, hata mtandao ukiyumba unaendelea.

Nilianza na Human Benchmark. Pale kuna kipimo cha wepesi, skrini inakuwa nyekundu, ikigeuka kijani unabonyeza, inakwambia umetumia milisekunde ngapi. Kuna na cha kulenga, unapiga vilengwa 30 inakupa wastani wa kila kimoja. Dukani nilikuwa napata 290, 300, nikawa naamini mi ni mzito kwa kuzaliwa. Siku moja rafiki yangu mwalimu alikuja na kompyuta yake mpya kuchapa mitihani, nikamwomba dakika mbili, nikapata 250 na kitu, mkono ule ule, asubuhi ile ile. Nikaenda kusoma kwanini. Kumbe skrini za kawaida za 60 Hz zinabadilisha picha kila baada ya milisekunde 16.7, na mausi za kawaida zinatoa taarifa mara 125 kwa sekunde, yani kila milisekunde 8, bado kompyuta yenyewe na brauza wanachelewesha kivyao, yote hayo yanajumlishwa kwenye namba unayoonyeshwa alafu we unajilaumu. Kwahiyo namba za mashine mbili tofauti usizilinganishe kabisa, na ya kwako usiilinganishe na ya mtu wa Dar mwenye skrini ya 144 Hz.

Alafu kuna kitu nilichelewa kukielewa. Mazoezi ambayo mshale ndo unatembea juu ya ukurasa unafuata viduara, na mazoezi ambayo alama ya kulengea imekaa katikati ya skrini na dunia ndo inazunguka, hayo ni mawili tofauti. Gemu za kufyatua ni hiyo ya pili. Ile ya mshale inakufundisha kubonyeza kwa wakati lakini mkono unajifunza umbali wa pikseli ambao kwenye gemu haupo. Nikahamia 3D Aim Trainer, hiyo ina alama ya katikati kama gemu na unaweza kuchagua gemu unayocheza ukaandika sensi yako, yani kiasi gani unageuka ukisukuma mausi. (Kuna na gemu kamili za kwenye brauza kama Krunker, ukienda huko na mkono uliozoea kuchuchumaa kwa Ctrl kuwa makini, maana ukishika Ctrl huku unaenda mbele kwa W brauza inaelewa umesema funga ukurasa, na inafunga kweli katikati ya mechi. Kubali kitufe kingine cha kuchuchumaa toka siku ya kwanza.)

Basi miezi minne nikawa nakimbiza pointi. Kila mchana wateja wakipungua, kila jioni kabla ya kufunga, mpaka masaa mawili matatu kwa siku. Na pointi zilipanda, hilo siongopi, zilipanda karibu mara mbili. Nikienda kafe nafungwa vile vile. Nikawa sielewi. Na mkono ukaanza kuuma, kwanza kwenye kiganja, baadae vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi usiku. Mama anauza mawese sokoni, kuna asubuhi nilienda kumsaidia kupakia madumu, nikashindwa kulinyanyua moja la lita 20, likanitoka mkononi. Akaniuliza, mwanangu, huo mkono umefanya nini? Nikamwambia kazi ya kompyuta mama. Hakusema neno, akalinyanyua mwenyewe. Nilikaa na hiyo picha siku nzima. Toka siku ile sijawahi kuzidisha dakika 20 za mazoezi kwa siku, na nikisikia mkono unavuta naacha hata kama ni dakika ya tatu. Cha kushangaza ni kwamba kukaa kidogo hakukunirudisha nyuma, mara nyingi nalala nikiwa nimekwama, kesho yake raundi ya kwanza tu nafanya vizuri kuliko nilivyoishia jana.

Mwezi wa nne 2024 dada mwenye duka akasafisha brauza zote. Alikuwa na haki, wateja wanaacha barua pepe zao wazi, wengine wanaacha hadi mambo ya benki. Lakini mi sikuwa nimefungua akaunti, rekodi zangu zilikuwa zinatunzwa ndani ya brauza ile ile, kwahiyo miezi minne yote ikafutika. Nilikaa pale kwenye kiti nikiangalia sifuri.

Nikachukua kauntabuku nikasema sasa naandika kwa mkono. Raundi ya kwanza nikaandika pointi, ya pili pointi, alafu nikajiuliza hizi namba nikishaziandika zinaniambia nini. Zinaniambia nimepata. Kama nimekosa hazisemi nimekosaje. Mashine inajua umekosa, inakukata, basi. Nikaweka simu nyuma yangu, nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, nikairekodi skrini wakati nacheza, usiku nyumbani nikaanza kuiangalia polepole, risasi moja moja. Nikawa naweka alama. Mshale wa kushoto au kulia ni kiduara kilikuwa upande gani, F ni fupi, yani mkono umesimama kabla ya kufika, P ni nimepita, J juu, C chini.

Raundi tano, viduara 150, nilikosa 41. Kati ya hizo 41, 23 zilikuwa za kushoto fupi. Ishirini na tatu! Kulia nilizopita 9, za chini 6, na 3 hazieleweki. Nilirudia kuhesabu nikidhani nimekosea. Miezi minne nilikuwa nasema sina shabaha, kumbe nilikuwa na tatizo moja kubwa lenye anwani kabisa, kiduara kikiwa kushoto mkono haufiki.

Kesho yake nikakaa mezani sijawasha hata kompyuta, nikawa nasukuma mausi tu kushoto. Inagonga kibodi. Ile kibodi ndefu yenye namba pembeni, upande wa pili kuna mashine ya kopi, kwahiyo nafasi ya mausi ni kama upana wa daftari la shule. Mkono ulikuwa umeshajua kuna ukuta pale, ukawa unajizuia wenyewe kabla ya kufika. Nikaizungusha kibodi ikakaa mshazari, upande wa namba ukashuka chini, nikapata kama sentimita 12 zaidi. Fundi viatu wa pale nje akanikatia kipande cha raba, nikabandika kitambaa juu, ndo pedi yangu mpaka leo. Wiki moja tu zile 23 zikashuka zikawa 8. Sikufanya zoezi jipya hata moja.

Za kulia nilizopita zilinichukua muda zaidi. Hapo ndo nikajifunza habari ya Windows kukoroga mwendo wa mausi. Kuna tiki kwenye mipangilio ya mausi, imeandikwa Enhance pointer precision, kompyuta nyingi inakuja ikiwa imewekwa, inafanya mshale ukimbie zaidi ukisukuma haraka, kwahiyo sentimita 5 za mkono taratibu na sentimita 5 za mkono haraka zinakupeleka sehemu mbili tofauti. Kwa kuandika barua haina shida. Kwa shabaha mkono hauwezi kukariri kitu ambacho kinabadilika kila mara, na brauza mara nyingi inapokea mwendo ukiwa umeshakorogwa. Ukitaka kujua kama unayo chukua rula, weka mausi kwenye sifuri, alama ikiwa imeelekea kitu fulani, sukuma taratibu mpaka 10, alafu irudishe haraka mpaka sifuri. Alama isiporudi palepale ilipokuwa, ile tiki ipo, itoe.

Na sensi. Hapa nitakaa kidogo maana naona watu wanakopi tu sensi za wachezaji wakubwa bila kujua DPI zao, yani mausi inahesabu hatua ngapi kwa kila inchi ya mkono. Counter-Strike kila hatua moja ya mausi inakugeuza digrii 0.022 mara sensi yako. Mausi yangu ni DPI 1000, sensi nilikuwa nimeweka 3, ina maana inchi moja ya mkono ni digrii 66, na kuzunguka mduara mzima natumia sentimita 14 tu. Sasa kichwa cha mtu wa mbali kwenye skrini ni kitu cha kama digrii moja hivi, piga hesabu, digrii moja kwangu ilikuwa chini ya nusu milimita ya mkono. Nusu milimita! Nani ana mkono huo, na nimetoka kushinda nafunga mafaili. Nikashusha mpaka 1.5, mduara ukawa kama sentimita 28. Wiki ya kwanza nilijiona kama nasukuma jiwe, kugeuka kwangu nyuma kulikuwa kuzito nikapigwa sana mgongoni, ila ukurasa wa daftari ukaanza kuwa mweupe. Ukicheza gemu zaidi ya moja pima kwa rula hivyo hivyo, sentimita za mduara zilingane kila mahali pamoja na kwenye zoezi la brauza, namba ya sensi yenyewe iache iwe yoyote, maana 2 ya Counter-Strike kwa Valorant, gemu nyingine ya kufyatua, ni kama 0.63.

Zile C, za chini, ni kidole. Nilikuwa naikaba mausi kwa woga, nikibonyeza inashuka kidogo. Hiyo nilirekebisha kwa kushika kama naishika nazi iliyovunjwa nisimwage maji, na kwa kufanya raundi ambazo sitafuti kasi kabisa. Sheria yangu mpaka leo, kwenye kumi nikipiga chini ya tisa napunguza mwendo, nikipiga kumi zote naongeza. Mazoezi mengi ya brauza yanakulipa ukibonyeza haraka na adhabu ya kukosa ni ndogo, ndo maana pointi zangu zilipanda ile miezi minne, nilijifunza kubonyeza ovyo kwa kasi.

Sasa katikati ya mwezi wa tano mwaka ule ule ziwa likafungwa. Tanganyika lote, miezi 3, hakuna kuvua. Kafe ikajaa vijana wa mwaloni. Kwa kawaida hao tunawaona siku za mbalamwezi tu, maana mwezi ukiwaka taa za dagaa hazina kazi, mitumbwi inalala, giza likirudi wote wanapotea. Sasa wakawa wapo kila siku. Kuna dogo mmoja wa mwalo wa Kibirizi, kama miaka 19, mpole hatari, yeye toka zamani alikuwa ananifunga na mwezi mzima hajagusa mausi. Nikampeleka dukani Jumapili nikamfungulia zoezi la brauza nione hiyo shabaha yake. Nilimpita mbali sana. Tukarudi kafe, akanifunga 16 kwa 9.

Ndo nikaacha kucheza nikaomba nisimame nyuma yake nimwangalie tu. Dogo halengi. Yani namaanisha mtu akitokea, alama yake tayari ipo pale, kwenye usawa wa kichwa, kwenye kona ambayo mtu lazima atokee. Mi nilikuwa natembea alama inaangalia chini kwenye mchanga wa ramani ya dust2, mtu akitokea naanza safari ndefu, naipiga vizuri safari yenyewe, nimefanya mazoezi ya kufliki hivyo, yani kuirusha alama ghafla mpaka kwa mtu, miezi, lakini yeye hana safari. Na akitaka kufyatua anasimama. Anaenda kushoto, anagusa kitufe cha kulia mara moja mwili unasimama wima, ndo anafyatua. Mi nilijifunza shabaha nimekaa sehemu moja viduara vinanitokea, mguu wangu haujawahi kuwepo kwenye zoezi, nikiingia kwenye gemu nafyatua huku natembea, na Counter-Strike ukifyatua unatembea risasi zinatawanyika hata alama iwe katikati ya paji la uso.

Nilimuuliza nani kakufundisha kuweka alama pale. Akasema, kaka, mi nilikuwa na hela ya saa moja tu kwa mwezi, nilikuwa naogopa kufa mapema.

Baada ya hapo dakika zangu 20 nikazigawa. Kumi za brauza, na kumi naingia ramani peke yangu hamna adui, natembea polepole kona kwa kona, alama usawa wa kichwa, nikifika kila kona nasimama kwa kitufe cha upande wa pili nafyatua moja ukutani naangalia tundu lilipo. Ni zoezi la kuchosha na halikupi pointi yoyote. Kufika mwezi wa saba nikawa sishindi kila siku lakini nalipiwa saa mara nyingi kuliko ninavyolipia.

Wadogo wanaocheza Call of Duty ya simu wananiuliza kama haya yatawasaidia. Kuiweka alama usawa wa kichwa na kukagua unakosaje, ndio. Zoezi la mausi lenyewe hapana, kidole gumba kwenye kioo ni kiungo kingine, jifunzie kwenye simu yako ile ile.

Na dogo naye akataka daftari. Kabla ziwa halijafunguliwa akawa anakuja dukani Jumapili, mi namwekea alama zake nikiwa nimekaa pembeni, yeye ananiwekea zangu. Zake karibu zote ni P, ana haraka, anapita. Siku moja wakati nacheza akaacha kuangalia skrini akawa ananiangalia usoni. Nikadhani nina kitu. Nilivyomaliza akasema, kaka, macho yako hayaendi kwenye kiduara, yanaifuata ile alama. Nikambishia kabisa. Akachukua simu akaielekeza usoni kwangu, tukarudia raundi, tukaangalia pamoja. Kweli. Kiduara kinatokea kulia, macho yanatoka pale katikati taratibu yanaisindikiza alama njia nzima mpaka inafika, kama mtu anayeangalia miguu yake wakati anatembea. Macho yake yeye yanaruka mara moja yanatua kwenye kiduara, mkono unafuata.

Mausi nilishabadilisha kila kitu, meza nilishapanga, sensi nilishashusha, na video zangu zote nilikuwa naangalia skrini, sikuwahi kufikiria kuangalia sura yangu.

Sasa hivi kauntabuku ina herufi ya tano, M, ni pale macho yalipochelewa kufika. Kila kiduara kinapotokea najilazimisha macho yafike kwanza, mkono usubiri, ndo uende. Raundi ya viduara 30 imekuwa ndefu kuliko nilivyokuwa mwezi wa tatu na sijali. Ukurasa wa jana una M kumi na moja. Mitumbwi imesharudi majini, usiku ukipanda huku juu unaona taa zao zimejipanga ziwani, kwahiyo dogo hayupo mpaka mbalamwezi. Akija tutaweka simu usoni tena, kwanza kwangu, alafu kwake.